Mguu wa Raundi ya Pili

Alhamisi ile ya Aprili hatukuchagua mtu hata mmoja. Nataka hilo lieleweke kwanza, kwa sababu watu wakinisikia namtaja Preston Lathrop hudhani nina chuki naye binafsi. Sina chuki. Namdharau tu, kwa utulivu kabisa.

Lathrop ni meneja mkuu wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, Wahunzi wa Youngstown. Alikipata cheo hicho kwa kumwoa binti wa mwenye timu. Msimu uliokuwa umepita tulishinda mechi tatu, tukawa miongoni mwa wa mwisho, na kwa kuwa walioshindwa sana huchagua mapema, siku za uteuzi wa wachezaji wapya tukapewa zamu ya nne. Maana yake, katika vijana wote waliomaliza vyuo Marekani nzima, ni watatu tu ambao wengine wangewachukua kabla yetu. Waliobaki wote walikuwa wetu kuchagua.

Na tulichohitaji kila mtu alikijua. Padri wa parokia yetu alikijua. Mrushaji wetu wa mpira, Marcus Tillery, kijana mwenye mkono wa dhahabu, alikuwa ameangushwa chini mara sitini na moja msimu mzima, mpaka Desemba wakamvunja mfupa wa bega, kwa kuwa wale wanaume wa ukuta waliopaswa kumkinga walikuwa wazito kama magunia na wepesi wa kuanguka kama magunia. Tulihitaji ukuta. Basi.

Lathrop alifanya nini? Zamu ya nne akaibadilisha na timu nyingine, akapewa zamu ya kumi na tisa na zamu nyingine za mbele huko. Ilipofika ya kumi na tisa, akaibadilisha tena. Alhamisi ikaisha. Akatoka mbele ya waandishi na suti yake ya kubana, akasema, "Tumekusanya thamani."

"Thamani gani?" ndugu yangu Stush akaiuliza televisheni. "Thamani itamkinga Tillery?"

Stush ni mdogo wangu kwa miaka sita. Tunaendesha pamoja karakana ya mabomba aliyotuachia baba, Hudak na Watoto. Mimi naitwa Verna, na ndimi mwanamke wa kwanza mjini kupata leseni ya ufundi bomba, ingawa hilo si la leo.

Ijumaa jioni tulijaa ukumbi wa klabu ya Waslovaki, watu kama mia hivi, fulana za Wahunzi kila upande, akina mama wa kanisa wanauza pirogi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Zamu yetu katika raundi ya pili ilikuwa ya thelathini na saba. Na tazama bahati: kijana wa Kisamoa kutoka Utah, Ezekiel Faumuina, mita mbili kasoro kidogo, kilo mia na hamsini, mtu wa ukuta tangu utotoni, alikuwa bado hajachukuliwa. Watu walianza kulitaja jina lake kwa sauti ya chini kama wanaosali. Wengine wakasimama.

Jina likasomwa. Colby Wendt, wa Nebraska. Mpiga teke.

Stush akainuka akaipiga televisheni kofi ubavuni, akidhani imeleta picha ya timu nyingine.

Kwa asiyefuata mchezo wetu: mpiga teke ni yule kijana msafi anayekaa benchi mechi nzima, halafu anaitwa mara tatu au nne kuupiga mpira upite katikati ya milingoti, kila mkwaju pointi tatu, kisha anarudi kukaa. Ana kazi, sikatai. Lakini wapiga teke huokotwa mwishoni kabisa, raundi ya sita, ya saba, au hawachaguliwi na mtu. Unawapigia simu tu wakiwa kwao wanakata nyasi.

"Raundi ya pili," akasema mzee mmoja nyuma yangu, taratibu. "Raundi ya pili, jamani."

Lathrop akatokea kwenye skrini anang'aa. Akasema wana mfumo wa kompyuta. Mfumo umepima kila kitu. Akasema, "Wenzetu bado wanachagua kwa macho." Alilitamka neno macho kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi.

Faumuina akachukuliwa na timu iliyofuata, zamu ya thelathini na nane. Niliwaona mashabiki wa timu hiyo wanakumbatiana.

Jumatatu asubuhi, nikiwa ndani ya gari la kazi, niliipigia redio ya michezo. Kipindi ni cha Vince Carbone, mtu wa maneno mengi na sauti ya kokoto.

"Nani yuko hewani?"

"Verna, fundi bomba."

"Dada Verna, tupe. Umeuonaje uteuzi?"

"Vince, nyumba haina paa. Mvua inanyesha juu ya kitanda cha watoto. Baba mwenye nyumba kaenda dukani na pesa zote, karudi na kengele ya mlango. Tena anatuambia, 'Sikilizeni inavyolia vizuri!'"

Vince alicheka hadi akakohoa. Akaniambia nipige tena wiki ijayo, na ile nyingine. Kufika Agosti nilikuwa na nafasi yangu kila Jumatatu, na watu wakinikuta dukani wananiambia, "Fundi, leo umewapasua." Sitasema uongo, nilipenda. Umri wangu miaka hamsini na minane, na sijawahi kusikilizwa na watu wengi hivyo bila kuwa nimeinama chini ya sinki.

Na nitasema jingine ambalo halinipendezi. Nilianza na Lathrop, lakini Lathrop hakuwa anafanya lolote la kuonekana. Alikaa juu kwenye chumba cha vioo anakunywa maji ya chupa. Aliyeonekana ni yule kijana. Basi polepole maneno yangu yakahamia kwake. Nikampa jina, Mguu. "Mguu leo umelalaje?" "Mguu umepata kifungua kinywa?" Mji mzima ukalidaka. Stush alichapisha fulana hamsini zenye picha ya mguu mtupu wenye kofia ya Wahunzi, zikaisha siku mbili.

Msimu ukaanza. Tillery akaangushwa mara saba mechi ya kwanza. Wendt alipiga mikwaju yake vizuri mwanzoni, minne kwa minne, na mimi nikasema hata saa iliyosimama hupatia mara mbili kwa siku. Kule alikokwenda Faumuina, mrushaji wao alikuwa anasimama nyuma yake kama mtu anayesubiri mkate uive.

Oktoba, nyumbani, tuko nyuma kwa pointi mbili, sekunde tano zimebaki. Yadi thelathini na nne tu, mkwaju wa mtoto. Wendt akaja akaupiga, mpira ukagonga mlingoti wa kulia ukarudi kwetu. Tukapoteza. Wiki iliyofuata akakosa miwili.

Jumatatu yake nilisema redioni, "Ule mguu wakaukate waupigilie bafuni, utafaa kutundikia taulo." Vince aliirudia mara tatu kwenye tangazo la kipindi.

Katikati ya Novemba ikaingia simu karakana: nyumba moja huko Boardman, kitongoji cha jirani, haina maji ya moto siku ya pili. Stush alikuwa kwenye kazi ya mabomba ya shule, nikaenda mwenyewe. Nyumba ya kupanga, ndogo, kiwanja kimekatwa nyasi vizuri mno. Mlango ukafunguliwa na kijana mwenye soksi nene na sweta, nywele kama majani makavu. Nilimjua kabla hajafungua mdomo.

"Karibu mama. Boila liko chini."

Nikashuka kimya. Nilijisemea, fanya kazi yako, Verna, uondoke. Boila lilikuwa limeoza kitako, maji yametapakaa sakafuni. Lakini fundi hawezi kufanya kazi bila kusema.

"Hili halitengenezeki," nikasema. "Limekufa. Anayekupangisha alipaswa kulibadilisha miaka mitano iliyopita."

Kijana aliyekuwa amesimama ngazini akainamisha kichwa, akatega sikio.

"Mama, sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote." Kisha akasema, "Wewe ni Verna wa redioni."

Nikaweka spana chini. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji, na si namna ambayo mtu angependa kukutwa.

"Ndimi," nikasema. "Ukitaka fundi mwingine nitakupa namba."

"Nataka maji ya moto," akasema Colby Wendt. Akaketi kwenye ngazi, magoti yake karibu na kidevu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitesa. "Yale ya kengele ya mlango yalinichekesha. Kweli. Niliwasimulia wenzangu chumba cha kubadilishia nguo."

"Na ya taulo?"

"Hayo bibi yangu aliyasikia kwanza. Ananisikilizia redio za huku kwenye simu yake, hajui kuizima. Alinipigia akaniuliza kama kuna mtu amenitishia."

Nikafungua valvu nianze kuyamwaga maji ya boila lile, ili mikono iwe na shughuli.

"Nikuulize kitu?" akasema. "Ungekuwa mimi, ungefanyaje? Wakala wangu aliniambia raundi ya sita, au nisichaguliwe. Ijumaa ile sikuwa hata natazama. Nilikuwa namsaidia bibi kuhamisha kabati. Simu ikalia, nikadhani wamekosea namba. Nilimwambia yule bwana, 'Samahani, unamtafuta Wendt gani?'"

"Lathrop mwenyewe?"

"Yeye. Akacheka. Akasema mfumo umenipenda."

"Lakini walikuona ukipiga. Walikuja Nebraska."

"Hapana, mama. Mzee mmoja wao wa kusaka vipaji alikuja, lakini alikuja kwa ajili ya beki wetu. Mimi waliniita kwenye hoteli wakanipa maswali ya hesabu kwa saa mbili. Mafumbo. Treni mbili zinaondoka, sijui nini. Mimi nimesomea hesabu, niliyapenda." Akajikuna shingo. "Hakuna aliyeniomba nipige mpira."

Nilicheka. Halafu nikaacha, maana nilikuwa naona kitu chote kwa mara ya kwanza: yule mjinga mwenye suti hakuchagua hata mguu. Alichagua mtu aliyefaulu mtihani wa treni.

"Una haki ya kumtukana aliyenichagua," Colby akasema. "Mimi nilipokea simu tu."

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. Neno lilitoka kwa shida, si kwa kuwa sikulimaanisha, ila sikulizoea.

"Haya. Lakini usinisifu redioni, tafadhali. Watasema nimekuhonga boila."

Nikamwekea boila jipya kesho yake, na Jumatatu iliyofuata nilimwambia Vince kwamba kuanzia sasa namzungumzia Lathrop peke yake. Vince akasikitika, Mguu ndio uliokuwa unaleta wasikilizaji.

Wiki ya kwanza ya Desemba, Jumamosi mchana, timu iliwaita wenye tiketi za msimu kwenye ukumbi wa uwanja, waonane na meneja mkuu. Kahawa ya bure na keki kavu. Lathrop alikuja na kipaza sauti kichwani kama mwimbaji. Tulikuwa na ushindi mara mbili. Mtu mmoja akamuuliza kuhusu mpiga teke.

"Mfumo ulikuwa sahihi," Lathrop akajibu. "Tumesikitishwa na utekelezaji wa mchezaji. Wakati mwingine kijana hana moyo wa kazi hii."

Sikunyoosha mkono. Nilisimama tu.

"Bwana Lathrop. Kabla ya kumchagua Colby Wendt, uliwahi kumwona akipiga mpira?"

"Swali zuri sana. Mchakato wetu unaangalia—"

"Sijauliza mchakato. Nauliza macho yako haya mawili."

Watu wakaanza kugeuka. Stush, pembeni yangu, alikuwa anaimomonyoa keki yake kwa vidole.

"Tulikuwa na takwimu za kutosha," Lathrop akasema.

"Kwa hiyo hapana. Ulimpa hesabu za treni hotelini, ukamwacha Faumuina. Leo timu inazama unasema kijana hana moyo. Wewe moyo unao? Uweke mezani tuuone!"

Ukumbi ukalipuka. Watu wakapanda juu ya viti. Kwa mara ya kwanza nilimwona Lathrop akitafuta mlango kwa macho aliyokuwa akiyadharau. Stush alinibeba begani nje, mimi na kilo zangu zote, na usiku ule video ikazunguka nchi nzima. Nililala kama mtoto.

Jumanne timu ilimtimua Colby Wendt.

Sikuelewa mara moja. Stush ndiye aliyenieleza, akiwa amekaa juu ya ndoo karakana.

"Dada, zile treni. Nani mwingine alizijua?"

Nikaacha kazi nikaendesha moja kwa moja hadi Boardman. Colby alikuwa anapakia masanduku kwenye gari lake la mizigo. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka na alikuwa hana kofia.

"Sikulitaja jina lako," nikasema kabla ya salamu. "Niliapa moyoni sitakusema."

"Hukunitaja," akakubali. "Lakini tulikuwa watu watatu ndani ya chumba kile, mama. Wao wawili na mimi."

"Lathrop alikuita?"

"Alimtuma msichana wa ofisini. Alikuwa analia, ikabidi mimi nimbembeleze." Akafunga kamba ya turubai, akaivuta mara mbili kuijaribu. "Huenda wangenitimua tu. Nimekosa sita. Sijui. Ila ungeniuliza kwanza."

"Nilipaswa kukuuliza," nikasema. "Kweli nilipaswa."

"Nadhani ningekuambia sema," akasema. "Ila ungeniuliza."

Nilimsaidia kubeba kitanda. Hatukuongea tena ila juu ya kitanda: inua huku, shusha, angalia kidole. Alipoondoka alipiga honi mara moja, nadhani kwa adabu tu ya kwao.

Redioni sikurudi. Vince alipiga simu kwa wiki mbili, kisha akampata fundi wa magari wa Struthers ambaye ana matusi mengi kuliko mimi. Colby alikaa bila timu hadi Agosti, akawa anafundisha hesabu za majira ya joto katika shule ya mji wao. Kisha timu moja ya kusini yenye uwanja wa paa ikaumiziwa mpiga teke wake, ikamwita. Alipiga mikwaju ishirini na sita, akakosa mitatu. Nasema hivyo kwa kuwa nilihesabu kila mmoja, nimekaa peke yangu, televisheni nimeitoa sauti.

Na Lathrop? Januari, baada ya msimu wa ushindi mara mbili, baba mkwe alimwongezea mkataba wa miaka minne. Aprili alikuwa na zamu ya pili, ya pili katika nchi nzima, akaibadilisha. Amekusanya thamani tena. Tillery aliomba aondoke, wakamwacha aende.

Nilimwona Lathrop uso kwa uso mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa Julai, siku ya mazoezi ya wazi, familia zimekuja na watoto na miavuli ya jua. Stush alikuwa kwenye foleni ya soda. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio nikitazama ukuta mpya, ambao ulikuwa ule ule wa zamani uliopunguzwa wawili. Nikasikia manukato. Lathrop alikuwa anapita kwenye uzio akisalimia mashabiki, mpiga picha wa timu nyuma yake.

Akasimama mbele yangu akanyoosha mkono, meno yote nje.

"Karibu sana, mama! Umetoka mbali? Ni mara yako ya kwanza kuja mazoezini?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa anaigiza. Yale yote ya Jumatatu, mji mzima ukicheka, Desemba ile ukumbi mzima juu ya viti, hayakuwa yamemfikia hata kiasi cha kumfanya anikumbuke sura. Bibi mmoja Nebraska aliyasikia yote. Yeye hakusikia kitu.

"Nakuja tangu hujazaliwa," nikamwambia.

"Safi kabisa! Watu kama nyinyi ndio uti wa mgongo wa timu hii."

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Mpiga picha akainua kamera, akasubiri. Nikaiweka mikono yangu mfukoni, nikamwangalia mpaka tabasamu likaanza kumchoka, shavu moja kwanza, halafu jingine, na mwishowe akaushusha mkono akaupangusia kwenye suruali kana kwamba ulikuwa umelowa, akaenda kwa familia iliyofuata.

"Mama gani yule?" nikamsikia akimuuliza mpiga picha.

"Sijui," yule akajibu. "Shabiki tu."